UZI: Mhadhara wa dini uwanjani. Mpaka wa kusema uko wapi kwa Uislamu, kwa Wazungu na kwa sheria yetu?

Kalobe_Hoja (Mbeya)

Wakuu, kwema? Kiangazi kikianza tu hapa Mbeya, viwanja vya Ruanda Nzovwe na vile vya mitaani huanza kupokezana: wiki hii injili, wiki ijayo mhadhara. Hakuna ubaya. Tatizo ni klipu. Sekunde arobaini zinakatwa kutoka kwenye mhadhara wa saa tatu, zinapewa kichwa cha "WAMETUKANA DINI YETU", na kabla ya Isha zimeshafika Tunduma.

Halafu mjadala unaangukia palepale. Huyu anasema Uislamu hauruhusu mtu kufungua mdomo, yule anasema Wazungu wameruhusu kutukana kila kitu. Kwangu kauli zote mbili ni za kivivu. Naomba wenye vitabu na vifungu waje: fiqhi (sheria ya Kiislamu) inasema nini hasa, mahakama za Ulaya na Marekani zimeamua nini hasa, na mhubiri akipanda jukwaani hapa Mbeya au Iringa anabanwa na kipi kati ya hivyo. Hisia tuziache, weka kifungu.

Abu_Nasri_Ipogolo (Iringa)

Assalaam alaykum, na kamwene kwa wa Iringa wenzangu.

Wengi hurukia adhabu kabla ya kujua kanuni. Katika fiqhi hakuna mlango mmoja uitwao uhuru wa kusema. Kila kauli hupimwa kama kitendo kingine chochote: yaweza kuwa wajibu, sunna, mubaha (ruksa tu), makuruhu (isiyopendeza) au haramu. Kwa hiyo yapo maneno ambayo kuyanyamazia ndiyo dhambi. Kuficha ushahidi kumekatazwa (Qurani 2:283; namba zote za namna hii ni sura na aya). Neno la haki mbele ya mtawala dhalimu limeitwa jihadi bora katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Na 4:148 inasema Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utangazwe kwa maneno, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Aliyeonewa amepewa ruhusa ya kupaza sauti ambayo mwingine hana.

Upande wa pili kuna makatazo mazito. Anayemsingizia mwanamke mwenye heshima zinaa bila mashahidi wanne anachapwa viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena (24:4). Kusengenya kumeharamishwa (49:12) hata kama unachosema ni kweli mtupu. Imam Nawawi, aliyefariki 1277, ametaja hali sita tu zinazokuruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake akiwa hayupo: unaposhtaki dhuluma kwa mwenye mamlaka, unapoomba msaada wa kuondoa uovu, unapouliza fatwa, unapowatahadharisha watu na madhara, anapokuwa mwenyewe anautangaza uovu wake, na pale mtu hajulikani ila kwa sifa hiyo, kama kiwete au kipofu. Mwandishi wa habari anayefichua mfanyabiashara wa pembejeo feki anaingia kwenye ya nne bila shida. Mwenye akaunti ya udaku anayeanika ndoa ya mtu haingii popote.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza na Magharibi ilipo, na watu hawaioni kwa sababu wanaangalia vibonzo vya Mtume tu. Kwenye kesi ya kashfa Uingereza au Marekani, ukithibitisha kuwa ulichosema ni kweli umepona. Kwenye fiqhi ukweli peke yake hautoshi, utaulizwa ulikuwa na haja gani ya kuusema.

Kuhusu dini za wengine: 6:108 inakataza kutukana wanavyoviabudu wengine, na sababu imetajwa palepale, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa chuki bila ya kujua. 16:125 na 29:46 zinataka majadiliano yawe kwa njia iliyo bora. Na ukisikia aya zinafanyiwa stihizai (kejeli), 4:140 imekupa hatua ya kuchukua: usikae nao mpaka waingie kwenye mazungumzo mengine. Soma vizuri. Imesema usikae nao. Haikusema kusanya vijana wa msikitini.

Mafinga_Mbao

Ustadh umetuandalia sahani ya tamu tupu. Ridda, mtu kuuacha Uislamu, je? Kumtukana Mtume je? Hayo ndiyo watu wanayouliza.

Abu_Nasri_Ipogolo (Iringa)

Yanakuja, mkuu.

Jumhuri, yaani walio wengi, ya wanazuoni wa zamani, madhehebu yote manne, walisema mwanamume aliyeritadi na akakataa kutubu anauawa. Wahanafi walimtoa mwanamke: huyo hauawi. Kumtukana Mtume, wengi walisema adhabu ni kifo. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, ameandika kitabu kizima juu yake. Lakini Abu Hanifa alisema asiye Mwislamu anayeishi chini ya ahadi ya ulinzi, akitukana, ahadi yake haivunjiki kwa hilo na anapewa taaziri, yaani adhabu anayoikadiria kadhi. Hoja yake ni kwamba ukafiri wake wenyewe ni mkubwa kuliko tusi, na ukafiri huo tumeshamkubalia aishi nao.

Zama zetu, Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo, kuanzia 1958 hadi 1963, aliandika kwamba ukafiri peke yake hauhalalishi damu ya mtu. Kinachohalalisha ni kuwapiga vita Waislamu. Taha Jabir al-Alwani alikwenda mbali zaidi akijenga hoja yake juu ya 2:256, hakuna kulazimishana katika dini. Wapo wanaowapinga mpaka leo. Sisemi mjadala umefungwa.

Jambo ambalo halina mjadala ni nani anahukumu. Hadd (adhabu iliyowekwa na sharia) yoyote inataka kadhi aliyewekwa na mamlaka, ushahidi na nafasi ya mshtakiwa kujitetea. Mtu binafsi akijichukulia hukumu mkononi amevuka mamlaka ya imamu, yaani mtawala, na ana kesi ya kujibu kwa fiqhi hiyohiyo. Tanzania hakuna kadhi wa jinai, makosa ya jinai ni ya sheria za nchi. Kwa hiyo kijana anayesoma nusu ukurasa wa Ibn Taymiyya kisha anaenda kuvizia mtu Mwanjelwa hana madhehebu ya kumtetea.

Na historia haina mstari mmoja. Khawarij, kundi lililoasi, walikuwa wakimkatiza khalifa Ali akiwa kwenye hotuba msikitini, wanapiga kelele kwamba hukumu ni ya Mungu peke yake. Aliwajibu kuwa hilo ni neno la haki lililokusudiwa batili, kisha akawaahidi mambo matatu: hatawazuia misikiti, hatawanyima fungu lao maadamu wako pamoja naye, wala hataanza kuwapiga vita. Karibu mwaka 781 Timotheo, patriaki wa Wakristo wa Mashariki, alikaa Baghdad na khalifa al-Mahdi mwenyewe wakajadili Utatu na utume wa Muhammad, akatoka salama. Halafu 833 khalifa al-Maamun akaanzisha mtihani wa lazima: kila kadhi na mwanachuoni aseme Qurani imeumbwa. Ahmad ibn Hanbal alikataa akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akachapwa viboko. Mhanga huyo wa dola kulazimisha kauli alikuwa imamu wa madhehebu ya Sunni.

Msomaji_Makambako

Mbona hujataja yule mwanamke aliyemsahihisha khalifa Umar kuhusu mahari? Ndio ushahidi mkubwa wa uhuru wa maoni.

Abu_Nasri_Ipogolo (Iringa)

Isnadi (mlolongo wa wapokezi) ya kisa hicho ina maneno, imekatika. Ukitaka mwanamke anayejadiliana na kiongozi tumia 58:1, Khaula bint Thaalaba. Hiyo ni aya, hakuna wa kuitilia shaka.

BintiKihesa (Iringa)

Naomba nishike upande wa Magharibi. Kwanza, ile kauli ya "sikubaliani na usemalo lakini nitatetea mpaka kufa haki yako ya kulisema", inayobandikwa kila mahali na picha ya mwanafalsafa Mfaransa Voltaire, haikuandikwa na Voltaire. Iliandikwa 1906 na Mwingereza Evelyn Beatrice Hall akieleza msimamo wa Voltaire kwa maneno yake mwenyewe. Tuiweke pembeni.

Pili, hakuna "Magharibi" moja. Marekani na Ulaya zinatofautiana sana kwenye jambo hili.

Marekani inaendeshwa na Rekebisho la Kwanza la Katiba la 1791, linaloizuia serikali kubana uhuru wa kusema na wa dini. Kesi inayofanana kabisa na mihadhara yetu ni Cantwell ya 1940. Aprili 1938 baba na wanawe wawili, Mashahidi wa Yehova, waliingia mtaa wa Cassius mjini New Haven, eneo ambalo karibu asilimia 90 ya wakazi walikuwa Wakatoliki, wakiwa na gramafoni. Mmoja wa vijana, Jesse, aliwasimamisha wanaume wawili barabarani, akawaomba ruhusa ya kuwapigia santuri, wakakubali. Santuri ikaanza kulishambulia Kanisa Katoliki. Wale jamaa wakawaka, nusura wampige, wakamwambia aondoke. Akaondoka. Alishtakiwa kwa kuvunja amani, Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hatia kwa kauli moja. Sababu zake ni za kushika: aliomba ruhusa, hakumtukana yeyote kati yao binafsi, hakutishia, na alipoambiwa aondoke alitii.

Sasa linganisha na Chaplinsky, 1942. Naye Shahidi wa Yehova, huko New Hampshire. Huyu alimgeukia afisa wa mji uso kwa uso akamwita mlaghai na fashisti mlaaniwa. Mahakama hiyohiyo ikakubali hatia yake: matusi ya ana kwa ana yanayoweza kuchochea ngumi hayalindwi. Imani ya watu wote wawili ni moja, na wote walikuwa barabarani. Mmoja alishambulia mafundisho, mwingine alimshambulia mtu aliyesimama mbele yake.

Mwaka 1969, kesi ya Brandenburg, iliyomhusu kiongozi wa Ku Klux Klan (kundi la Wazungu wabaguzi) wa Ohio, ikaweka kipimo kinachotumika hadi leo: serikali haiwezi kuadhibu uchochezi isipokuwa maneno yamelenga kuleta uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yanaelekea kweli kuuleta.

Ulaya ni habari nyingine. Ibara ya 10 ya Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya inatoa haki kwenye aya ya kwanza, kisha aya ya pili inasema haki hiyo ina wajibu ndani yake na yaweza kuwekewa mipaka. Mwaka 1976, kesi ya Handyside, mahakama ya Strasbourg, inayosimamia mkataba huo, ilisema hata kauli zinazoudhi na kushtua zinalindwa. Watu hunukuu hapo wakaishia hapo. Lakini 1994 mahakama hiyohiyo, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliibariki Austria kukamata filamu iliyokejeli imani ya Kikatoliki mjini Innsbruck, ikizingatia kuwa asilimia 87 ya watu wa Tyrol ni Wakatoliki. Na Oktoba 2018, kesi ya E.S., ikaibariki tena Austria: mwanamke aliyekuwa akiendesha semina alitozwa faini ya euro 480 kwa maneno aliyomhusisha nayo Mtume Muhammad na ndoa yake na Aisha. Mahakama ikasema hayo hayakuwa mjadala wa kihistoria, bali shambulio la kudhalilisha.

Ujerumani kifungu cha 166 cha sheria ya jinai kinaweza kukupa hadi miaka 3 kwa kukashifu dini kwa namna inayoweza kuvuruga amani. Denmark ilifuta sheria ya kukufuru 2017, na Desemba 2023, baada ya Qurani kuchomwa mara kwa mara, bunge lake likapitisha sheria ya kuzuia kuvitendea isivyofaa hadharani vitabu vitakatifu vya dini zinazotambuliwa, kifungo hadi miaka 2. Uingereza ndiyo iliyoaibika zaidi: mahakama yake iliwaambia Waislamu waliotaka kumshtaki Salman Rushdie kwa riwaya yake ya The Satanic Verses kwamba sheria ya kukufuru inalinda Ukristo peke yake. Sheria hiyo ilifutwa kwa England na Wales mwaka 2008.

Kwa hiyo mtu akikuambia "Magharibi ruksa kutukana dini", muulize: nchi gani, mwaka gani?

Mwinjilisti_Rungwe (Tukuyu)

Ndaga fijo dada, umenipa elimu. Lakini hiyo E.S. inanitia wasiwasi. Leo ni kauli juu ya Mtume, kesho mhubiri akisema Muhammad hakutumwa na Mungu ataambiwa amedhalilisha. Na kwa kuwa tunasema kweli, sisi huku tunasikia "Yesu si Mungu" kwa spika za futi sita zilizoelekezwa kanisani. Mbona hapo hakuna anayeshtakiwa?

Halafu hao Wajerumani na Wafaransa. Ufaransa tangu 1990 ina sheria ya kuadhibu anayekanusha mauaji ya Wayahudi. Ujerumani ni hadi miaka 5. Kibonzo cha Mtume ni uhuru, kukanusha historia ni jela. Sisi tunaoangalia kutoka mbali tunaona mizani imeinama.

BintiKihesa (Iringa)

Mtumishi, jibu lao ni hili: anayekanusha mauaji yale anawalenga watu, waliokufa na walio hai, na kwa Ujerumani ni jambo lililotendwa na dola yenyewe. Kibonzo kinalenga imani. Mwanadamu analindwa, wazo halilindwi. Ndivyo wanavyogawa.

Lakini nakubaliana nawe kwamba mgawo huo hauendi moja kwa moja. Mwislamu atakwambia Mtume kwake si wazo, anampenda kuliko mzazi wake. Na kifungu cha 166 kinalinda nini kama si dini? Ulaya haijakubaliana na nafsi yake, ndiyo maana maamuzi ya Strasbourg yanasomeka kama yameandikwa na mahakama mbili.

Mafinga_Mbao

Niongeze jambo moja tusije tukadhani uhuru wa kusema ni vibonzo na mihadhara tu. Wilaya yetu ya Mufindi kuna Nyololo. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa pale akiwa kazini, akifuatilia shughuli ya chama cha siasa, mikononi mwa polisi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Ile hadithi ya neno la haki mbele ya mtawala na lile Rekebisho la 1791 zote zilikuwa na dola akilini. Sisi tunazitumia kugombana jirani kwa jirani.

Wakili_Mafiat (Mbeya)

Mafinga umegusa penyewe. Sasa niwarudishe nyumbani, maana mhubiri wa Mbeya hatashtakiwa Strasbourg.

Katiba kwanza. Ibara ya 18 ni uhuru wa maoni. Ibara ya 19 ni uhuru wa imani, na ibara ndogo ya pili inasema wazi kwamba kutangaza na kueneza dini ni kazi huru. Ibara ya 30 ndiyo yenye mipaka: haki za wengine, usalama, maadili na kadhalika.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vinne vya kukaa navyo. Cha 125: kuharibu au kunajisi mahali pa ibada au kitu kitakatifu kwa nia ya kuitusi dini, au ukijua waumini watakiona ni tusi. Cha 126: kuvuruga ibada inayoendelea kihalali. Cha 129: kutamka neno, kutoa sauti, kufanya ishara au kuweka kitu mbele ya mtu kwa nia ya makusudi ya kujeruhi hisia zake za kidini, kifungo mwaka mmoja. Cha 89: lugha ya matusi inayoelekea kuvunja amani. Angalizo kwa wanaopenda kunukuu: sheria zimefanyiwa urekebu, toleo la 2023. Kabla hujaandika namba ya kifungu kwenye barua au hati, fungua toleo hilo.

Kesi ya kusoma ni Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 53 ya 2001. Mwaka 2000, Msamvu, Morogoro, alishtakiwa kwa kifungu cha 129 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu bali ni mtume. Mahakama ya Wilaya ikampa miezi 18. Mnaona tatizo? Kifungu kinaishia miezi 12. Agosti 2001 Dar kukawa na vurugu kwa ajili ya kesi hiyo. Mahakama Kuu ikamwachia kwenye adhabu lakini ikaacha hatia ibaki. Akaenda Mahakama ya Rufani, nayo ikafuta hatia yenyewe. Uhuru wa dini ni pamoja na kuitangaza. Kusema jambo ambalo ni sehemu ya imani yako, hata kama linapingana na imani ya anayesikia, hakutoshi kuthibitisha kuwa ulikusudia kumjeruhi.

Mtumishi wa Rungwe, hapo ndipo jibu lako lilipo, na linakata pande zote. "Yesu si Mungu" kwa Mwislamu ni itikadi. "Muhammad si mtume" kwa Mkristo nayo ni itikadi. Zote mbili zinapita. Lakini spika iliyoelekezwa kanisani wakati ibada inaendelea ni 126, hapo hatuulizi umesema nini, tunauliza umevuruga au hujavuruga. Ungekuwa unasoma Luka 2 kwa sauti hiyo bado ni 126.

Mashtaka ya 129 huanguka wapi? Mara nyingi kwenye nia, na kwenye maneno yenyewe. Hati ya mashtaka ieleze maneno yaliyotamkwa. Shahidi aliyesema "alitukana dini yetu" bila kutaja neno hana msaada, na aliyesimuliwa na jirani yake hana msaada pia, kwa sababu kifungu kinataka neno litamkwe masikioni mwa mtu huyo.

Kalobe_Hoja (Mbeya)

Wakili, na klipu? Anayeikata na kuisambaza ana lipi?

Wakili_Mafiat (Mbeya)

Huyo mara nyingi ana hatari kubwa kuliko mhubiri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa lengo la kupotosha: faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ukikata sentensi "wapo wanaosema kwamba..." ukabakisha kinachofuata, umetengeneza kauli ambayo mhubiri hakuisema. Kifungu cha 18 kinagusa kumtusi mtu kwa kompyuta kwa sababu ya kabila, rangi au dini yake.

Na ukitaka klipu iwe ushahidi, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaiangalia ilivyorekodiwa, ilivyotunzwa na aliyeitoa. Iliyopita kwenye magrupu kumi na tano na kuwekewa muziki haifai kitu. Waandaaji: rekodini mhadhara mzima, mwanzo hadi dua, kamera moja isiyozimwa, na mtunze faili la asili kwenye kadi ileile. Hiyo ndiyo kinga ya mhubiri.

BintiKihesa (Iringa)

Mimi 129 siipendi hata baada ya Dibagula. Hisia hazina rula. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, maoni yake ya jumla Na. 34 ya 2011, ilisema sheria za kuzuia kukosa heshima kwa dini haziendani na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania imejiunga nao tangu 1976, isipokuwa pale maneno yanapochochea chuki inayoleta ubaguzi, uadui au vurugu. Mpango wa Rabat wa 2012, wa wataalamu chini ya Umoja wa Mataifa, ukatoa vipimo sita: mazingira, msemaji na nafasi yake, nia, maudhui na mtindo, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea. Vyote sita vijae ndipo iwe jinai. Hakimu wa wilaya akiwa na karatasi hiyo mezani hatampa mtu miezi 18.

Abu_Nasri_Ipogolo (Iringa)

Nchi za Kiislamu nazo zilijibu, dada. Azimio la Cairo la 1990, ibara ya 22, linatoa haki ya maoni maadamu hayapingani na misingi ya sharia, na linakataza habari kutumiwa kuvunjia heshima matukufu na mitume. Lilifanyiwa marekebisho 2020. Tofauti ya mizizi iko hapo: kwenu mtu analindwa peke yake, kwetu anachokitukuza kinahesabika kuwa sehemu ya heshima yake.

Lakini vipimo vya Rabat havinigombi. Nia na mazingira ni lugha ya mafakihi kabla ya Rabat kuwa na hoteli za mikutano.

Mafinga_Mbao

Na Pakistan?

Abu_Nasri_Ipogolo (Iringa)

Nilijua utauliza. Kifungu cha 295-C, cha kumkashifu Mtume, kiliongezwa 1986, na 1990 Mahakama ya Shariat ya huko ikasema adhabu ni kifo tu. Kosa la kiufundi ni kwamba kifungu hicho hakitaji nia. Ukiondoa nia, ugomvi wa maji kisimani unageuka kesi ya kukufuru, na ndivyo ilivyokuwa kwa Asia Bibi, mwanamke Mkristo aliyekaa jela tangu 2009 mpaka Mahakama ya Juu ilipomwachia Oktoba 2018 kwa sababu mashahidi walipishana. Gavana Salman Taseer, aliyemtetea, alipigwa risasi na mlinzi wake Januari 2011. Kifungu chetu cha 129, pamoja na mapungufu yake, kina neno makusudi ndani yake. Dibagula aliokolewa na neno hilo.

Mwinjilisti_Rungwe (Tukuyu)

Tumalizie kwa vitendo. Mdahalo wa pande mbili ukiandaliwa, mnashauri uendeshwe vipi?

Wakili_Mafiat (Mbeya)

Taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, kwa kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi. Ni taarifa, wala huombi kibali. Utaratibu wa kibali uliondoka baada ya kesi ya Mchungaji Mtikila miaka ya 90. Andika mahali, muda wa kuanza na kumaliza, madhumuni, na majina ya wasemaji. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Barua ya "mkutano wa dini" bila mada ndiyo hukwama, kwa sababu polisi wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika, na barua kavu inawapa kila sababu ya kuona hivyo. Ukizuiwa, rufaa ni kwa Waziri.

Abu_Nasri_Ipogolo (Iringa)

Mada iwe swali moja lenye maandiko, mfano "Je, Biblia inafundisha Utatu?" Mada kama "Dini ipi ya kweli?" inavuta kila kitu mpaka mabucha. Mnaikumbuka Tunduma 2013 na suala la kuchinja, lile halihitaji kipaza sauti. Kila msemaji dakika 20, majibu 10. Mwenyekiti ashike swichi ya maiki zote mbili, mamlaka ya kukata yawe yake na yatangazwe mwanzoni mbele ya watu. Maswali ya hadhira yaje kwa karatasi. Maiki ikishuka kwa hadhira ndipo tusi linapopatikana, na msemaji ndiye atakayetafutwa.

Mwinjilisti_Rungwe (Tukuyu)

Ongezeni mkalimani. Huku kwetu mahubiri hutafsiriwa Kinyakyusa au Kisafwa, na mkalimani aliyepata moto huweka chumvi. Msemaji anasema "hatukubaliani na mafundisho hayo", mkalimani anashusha kitu kingine kabisa na uwanja unalipuka, mhubiri aliyetoka Dar hana habari anashangilia. Mkalimani apewe maandiko na hoja kuu siku moja kabla, na awepo mtu wa upande wa pili anayejua lugha hiyo amekaa meza kuu.

Wakili_Mafiat (Mbeya)

Hilo ni la maana kuliko mnavyodhani. Aliyetamka ni mkalimani, na kesi itaanzia kwake.

Msomaji_Makambako

Swali dogo la mwisho: mhadhara ukifanyika ndani ya uzio wa msikiti au kanisa, taarifa ya saa 48 inahitajika?

Wakili_Mafiat (Mbeya)

Kifungu cha 43 kinazungumzia mahali pa hadhara. Ibada na darasa ndani ya uzio wenu haviingii. Ila mkifungua geti, mkaweka turubai mpaka barabarani na kutangaza kwa gari mji mzima kwamba wote mnakaribishwa, pelekeni barua. Na spika zielekezeni ndani. Ukiachana na 126, kuna kanuni za mazingira za kelele, na hizo hazitaki nia ya mtu yeyote.